Vitanzi vya Nyanzala

Katika enzi ambazo reli ilikuwa haijapasua nchi ya bara, na safari ya kwenda pwani ilihesabiwa kwa miandamo ya mwezi, palikuwa na nchi iitwayo Ulyanga. Watu wake walilima mtama na ulezi, wakafuga nyuki katika misitu ya miombo, na vijana wao walisifika kwa kubeba mizigo ya misafara. Mwanamume wa Ulyanga aliyekuwa hajaiona bahari hakupata mchumba kwa urahisi. Hayo yalikuwa majivuno yao, na mimi siwalaumu.

Utajiri wa nchi ulikuwa pembe za ndovu. Mtemi Kilunga, aliyekalia kigoda cha enzi siku hizo, aliziuza kwa wafanyabiashara wa misafara akapata vitambaa vya merikani na kaniki, shanga nyekundu, na zaidi ya vyote magobore na baruti. Magobore yakawaua ndovu mpaka wakaisha, lakini tamaa ya baruti haikuisha. Ndipo ikulu ikaanza kuuza watu. Kwanza waliuzwa wezi, na watu wakasema wamejitakia. Kisha wakauzwa waliotuhumiwa uchawi, na watu wakanyamaza, maana kila mmoja aliogopa kutajwa. Mwishowe ikatoka amri kwamba kila mwanangwa, yaani mtawala wa jimbo chini ya Mtemi, apeleke ikulu watu badala ya pembe kila baada ya mavuno. Inanisikitisha kusema kwamba wengi walitii.

Nkwabi, mwanangwa wa Itambo, hakutii. Alikuwa mtu mrefu, mpenda utani, mwenye kovu la makucha ya chui begani. Mavuno yalipopita bila Itambo kupeleka mtu, Mtemi alituma mjumbe na ungo. Juu ya ungo palikuwa na jembe na risasi.

"Mtemi anakusalimu," mjumbe alisema mbele ya watu wote. "Anasema chagua kimoja. Jembe ni utii, risasi ni vita."

Nkwabi aliinama, akatwaa vyote viwili.

"Mwambie Mtemi nimepokea, na nashukuru. Jembe tutalilimia, kwa kuwa watu wangu wako shambani na hawaendi popote. Risasi nitamtunzia mpaka aje mwenyewe kuidai."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wangalijua vita vile vitakula miaka mingapi na wana wangapi, nadhani kicheko kingaliwakauka kooni.

Mkuu wa vita wa Nkwabi aliitwa Katambi. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana na maneno machache. Aliletwa Itambo akiwa mtoto, mateka wa vita alivyopigana baba yake Nkwabi huko magharibi, ng'ambo ya milima. Wawili hao walikula chungu kimoja, wakawinda pamoja, na yule chui aliyempasua Nkwabi bega aliuawa kwa mkuki wa Katambi. Katika jeshi lote hapakuwa na mtu ambaye Nkwabi alimpenda zaidi, wala aliyemhitaji zaidi.

Jeshi la Mtemi lilikuja wakati wa kiangazi, kwa njia ya kivuko cha mto Mwambizi. Mbele walitembea watu wa magobore wenye vilemba vyekundu, nao wote walikuwa watumwa wa ikulu. Nyuma yao walikuja wanyapara wa Mtemi wakiwa na mikuki, ili asirudi mtu. Watu wa Itambo walikuwa na pinde, mikuki, na magobore machache yaliyokwisha kula kutu. Lakini Katambi alikuwa amekusanya mizinga ya nyuki kutoka misitu yote ya jimbo, yenye nyuki ndani, akaificha katika matete ya kingo mbili. Adui alipofika katikati ya kivuko, maji yakiwa kiunoni, mizinga ikatupwa.

Hakuna askari anayesimama wima mbele ya nyuki. Walijitosa majini, baruti ikalowa, na magobore yakawa fimbo tu. Wanyapara waliokuwa nyuma walikuwa wa kwanza kukimbia. Wenye vilemba vyekundu walibaki mtoni, nyuso zimevimba, mikono juu.

Na hapo ndipo hadithi hii inapoanza hasa, ingawa waimbaji wengi huishia kwenye nyuki.

Desturi ya Ulyanga ilikuwa hivi. Anayemshika mtu vitani humvisha shingoni kitanzi cha kamba ya gome la myombo. Wafikapo nyumbani, kitanzi huvuliwa na kutundikwa ndani ya nyumba ya mama mwenye mji, yaani mwanamke mkuu wa kaya ile, juu ya mlango. Maadamu kitanzi kinaning'inia pale, mtu yule ni mali ya nyumba ile, hata akizeeka, hata akizaa. Ni mama mwenye mji peke yake awezaye kukitungua na kukichoma katika jiko lake. Basi siku ile, kabla vumbi halijatua, wapiganaji wa Itambo wakaanza kuchuna magome ya miti. Hawakuona ubaya wowote. Ndivyo walivyofanya baba zao.

Mateka mmoja, mzee aliyeng'oka meno ya mbele, alipovishwa kitanzi chake alianza kucheka.

"Unacheka nini?" Nkwabi akamwuliza.

"Nakicheka kitanzi, bwana mkubwa. Nilisikia Mwanangwa wa Itambo anapigana ili watu wasiuzwe. Nikasema, labda huko wanatumia kamba nyingine. Kumbe ni gome lile lile."

Nkwabi alimvua kitanzi kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaamuru mateka wote wafunguliwe.

Mapalala, kiongozi wa vijana wa Itambo, hakufungua. Alikuwa kijana shujaa, na jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa kuumwa na nyuki.

"Mwanangwa, nakuheshimu," alisema. "Vijana hawa hawana mshahara ila mateka. Umetuambia tuache, nasi tungeweza kuacha. Lakini nyumbani kwa mama yako vitanzi vimejaa mlangoni. Tukifungua vyetu, na vyenu vikabaki, si itakuwa mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu?"

Nkwabi alimgeukia Katambi, kama alivyozoea kufanya kila neno lilipomshinda.

"Wewe wasemaje, ndugu yangu?"

"Usiniulize mimi," Katambi akajibu kwa upole. "Kitanzi changu nacho kiko pale. Kila nikiingia kumsalimu mama, nainama chini yake."

Nkwabi alikuwa amepita chini ya mlango ule tangu utotoni, na hakuwahi kuinua macho. Sasa aliona haya, haya ya kweli, mbele ya jeshi lake. Aliona pia hatari. Mtemi angerudi kabla ya mvua. Bila watumwa wa nyumba yake asingekuwa na wa kulisha jeshi, na bila Katambi asingekuwa na wa kuliongoza. Angeweza kusema, tutafanya hayo vita vikiisha. Watawala wengi wamesema hivyo, na vita vyao havikuisha kamwe. Nkwabi alisema, "Twendeni kwa mama."

Nyanzala, mama yake Nkwabi, alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye bangili za shaba mpaka kwenye viwiko. Aliyasikiliza yote akiwa ameketi kizingitini, na vitanzi vikiwa juu ya kichwa chake, vyeusi kwa moshi.

"Mwanangu," alisema, "mtama unaokula wewe na jeshi lako unalimwa na nani? Leo nikivichoma, kesho wakienda zao, utapigana ukiwa na njaa?"

"Huenda, mama."

"Na Mtemi akishinda, atatuuza wote, mimi na bangili zangu. Hilo umelifikiri?"

"Nimelifikiri tangu mtoni mpaka hapa. Lakini nimewaambia watu wafe kwa ajili ya jambo ambalo nyumbani kwangu halipo. Siwezi kuwaambia tena."

Mama alimtazama Katambi, aliyekuwa amesimama uani pamoja na watumishi wengine wa nyumba ile.

"Katambi, nimekulea kwa mikono yangu. Nimewahi kukunyima chakula?"

"Hapana, mama. Hukuninyima."

"Nikikichoma, utakwenda?"

"Nitakwenda," Katambi akasema. "Nisamehe, mama. Kila mwaka mvua ikianza, nautazama mlima ule wa magharibi. Mama aliyenizaa nilimwacha akianika ulezi. Nataka kujua kama yu hai."

Ninaamini kwamba siku ile Nyanzala aliona jambo ambalo hakuwa ameliona miaka yote, kwamba kijana wake alikuwa na mama mwingine. Aliinuka, akaleta kinu, akakipindua, akapanda juu yake. Hakumruhusu mtu kumsaidia. Alivitungua vitanzi kimoja kimoja, kwa kila kimoja akitaja jina la aliyekivaa, akavichoma jikoni. Moshi wake ulikuwa mkali, na watu wengi walilia wakasingizia moshi.

Mapalala aliwafungulia mateka wake bila kuambiwa mara ya pili. Baadhi ya vijana walikasirika, wakarudi makwao. Mateka walipewa unga wa njiani, wakaambiwa waende watakako. Wengi walirudi Igembe, kwenye boma la Mtemi, kwa sababu wake zao na watoto wao walikuwa huko. Katambi aliondoka asubuhi, mkuki begani, akiwa amemshika mkono Nkwabi mpaka mwisho wa mashamba. Hapo waliachana. Nkwabi alirudi peke yake, na hakuna aliyemsemesha.

Hakusubiri Mtemi aje. Kabla ya mvua alilipeleka jeshi lake, lililopungua na lenye njaa, mpaka mbele ya boma la Igembe. Mtemi Kilunga alikuwa na baruti kavu na vilemba vyekundu vingi. Wapiga magobore walipangwa mstari mrefu mbele ya lango, wanyapara nyuma yao. Watu wa Itambo waliagana, kwa maana hapakuwa na mizinga ya nyuki safari hii.

Magobore yakalia. Moshi ukaufunika uwanja. Ulipoinuka, watu wa Itambo walijitazama, wakajipapasa. Hakuna aliyeanguka. Risasi zilikuwa zimepita juu ya vichwa vyao na kukata majani ya miti. Magobore yakalia mara ya pili, na majani yakaanguka tena.

Katikati ya mstari, mzee asiye na meno ya mbele alikuwa akishindilia baruti bila haraka.

Wanyapara walielewa upesi. Waliwachoma mikuki migongoni wale waliokuwa karibu nao, na mzee yule alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Ndipo wenye vilemba vyekundu wakageuka nyuma, na safari hii hawakulenga majani. Lango la Igembe lilifunguliwa kutoka ndani. Mtemi alitoroka kwa tundu la ukuta wa nyuma pamoja na washirika wake, akaenda kutafuta baruti nyingine, na vita vikaendelea mpaka watoto waliozaliwa mwaka ule wakawa na umri wa kushika upinde. Lakini tangu siku ile hakuna nyumba ya Ulyanga iliyotundika tena kitanzi mlangoni.

Waimbaji wamehifadhi nyuki, ungo na kovu la chui. Jina la mzee yule aliyefyatua juu hawakulihifadhi, na mimi nimelitafuta nikalikosa.

Msimu wa palizi uliofuata siku ile ya Igembe, Nyanzala alikuwa shambani, jembe mkononi, bangili amezivua kwa sababu zilimwumiza. Nkwabi alimfuata huko.

"Mjumbe wangu amerudi kutoka ng'ambo ya milima," alisema. "Amezunguka vijiji vyote, amemwulizia Katambi. Hakuna anayemjua."

"Watamjuaje?" mama akasema. "Jina hilo tulimpa sisi. La kwao hatukumwuliza."

Nkwabi aliketi juu ya tuta, akaficha uso. "Basi hatutajua kamwe kama alifika."

"Zamani kila jioni nilijua yuko wapi," Nyanzala alisema. "Sasa sijui, na sina haki ya kujua. Ndivyo alivyo mtu huru, mwanangu. Ondoka hapo, unaukalia mtama."