Kompyuta ya Warina Asali

Kompyuta ya chama cha warina asali wa Itigi iliuawa kati ya Jumapili mchana na Jumatatu saa mbili asubuhi. Neno "iliuawa" ni la mwenyekiti wa chama, Mama Theresia, na Inspekta Febronia Alute aliliandika hivyohivyo kwenye daftari lake, maana mama huyo hakuwa anatania.

Mashine ilikuwa mezani, inanuka moshi, haiwaki. Kwenye kabati la chuma, faili lililokuwa na karatasi ya leseni ya programu lilikuwa tupu.

"Shikamoo, mama. Nieleze kama mtu asiyejua kompyuta."

"Marahaba, mwanangu. Humo ndani kuna orodha ya mizinga yetu yote kichakani. Mzinga wa nani, uko wapi, una alama gani. Ijumaa kamati ya ardhi inakaa Manyoni. Kuna mwekezaji anataka kichaka cha mashariki akifyeke, alime alizeti. Amewaambia kule ni pori tupu. Tukipeleka orodha, kichaka kinabaki. Tusipopeleka, kimekwenda."

"Si muihamishie orodha kwenye kompyuta nyingine?"

"Programu inataka namba za leseni, bila hizo haifungui kitu. Namba zilikuwa kwenye karatasi iliyoibwa. Na mradi uliotuletea programu hiyo ulifungwa mwaka jana, wenyewe wakarudi kwao Ulaya."

"Wewe una mizinga huko mashariki?"

"Mia na nne. Aliianza marehemu mume wangu, mimi nikaendeleza. Imenisomeshea watoto watano. Shamba sina. Nina hiyo tu."

Febronia alifunga daftari. Zilibaki siku nne.

Itigi nzima ilikwisha kumpata mtuhumiwa wake. Huo ulikuwa mwaka 2002, milango ya nchi iko wazi, kila wiki mgeni mwenye gari jipya anashuka kuulizia ardhi, na watu walikuwa wamechoka kuulizwa. Mwekezaji akamatwe, basi, yaishe. Bahati mbaya kwao, mwekezaji alikuwa amelazwa Dodoma na malaria tangu Ijumaa, na daktari wake alithibitisha kwa simu. Jibu hilo halikumfurahisha mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anapenda kukagua nguo zake mwenyewe?

Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo mmoja wa mlango alikuwa nao Mama Theresia, wa pili katibu wa chama. Wa tatu ulining'inia kwenye msumari dukani jirani, na kila mtu aliujua msumari huo. Kwa hiyo kufuli halikusaidia lolote.

Katibu aliitwa Raymond. Mtu wa miaka thelathini na tano, shati limepigwa pasi, mikono imetulia magotini.

"Mara ya mwisho uliiwasha lini?"

"Jumamosi, afande. Ilikuwa nzima."

"Fomu mlizojaza mlipohesabu mizinga kichakani ziko wapi?"

"Zililiwa na mchwa."

"Zote?"

"Zote, afande."

"Mchwa wa Itigi wana njaa."

Raymond hakucheka.

"Nani walikwenda kuhesabu mizinga?"

"Tuligawana. Sheria ya chama ni kwamba mtu hahesabu mizinga yake, asije akajiongezea. Mama Theresia na wenzake walikwenda magharibi. Mashariki nilikwenda mimi, maana sina mzinga hata mmoja."

"Na nani aliyaingiza majibu kwenye kompyuta?"

"Mimi. Wengine hawaijui."

Jumanne asubuhi Land Rover ya polisi ilimleta fundi Philipo kutoka Mandewa, Singida, pamoja na kompyuta yake aliyoifunga kwa blanketi. Philipo alikuwa fundi wa ishara za reli kwa miaka ishirini, hadi wafanyakazi walipopunguzwa naye akapewa mkono wa kwaheri. Sasa alitengeneza redio, na kompyuta za wale wachache waliokuwa nazo. Alizungusha mashine, akaangalia nyuma, akaguna.

"Afande, njoo uone. Kiswichi hiki chekundu kinachagua nguvu ya umeme. Jenereta yenu inatoa 230. Mtu amekiweka 115. Ukiwasha hivyo, inapasuka. Bodi ya ndani nayo imeungua."

"Haiwezi kuwa bahati mbaya?"

"Kimezama. Hakisogei mpaka utie bisibisi. Mtu haokoti bisibisi kwa bahati mbaya."

"Na orodha?"

Philipo alifungua ubavu wa mashine, akachomoa diski, akaipangusa kwa shati. "Huyu bwana alidhani akiiua mashine ameua kila kitu. Nyumba ikiungua, sanduku la chuma linabaki. Orodha imo humu. Na namba za leseni zimo pia. Ukishaziandika siku ya kwanza, programu inazitunza kwenye faili la mipangilio la Windows. Kuzitoa humo ndiyo shughuli."

"Zitoe."

Ilikuwa rahisi kusema. Diski hiyo isingeweza kuwasha mashine yoyote peke yake, kwa hiyo Philipo aliifunga kwenye kompyuta yake iwe diski ya pili, isomwe tu. Akalifungua faili, na kioo kikajaa herufi na alama zisizosomeka. Akatafuta jina la programu. Febronia alikaa kando yake, anasoma naye mstari kwa mstari, ingawa hakuelewa hata mmoja. Saa kumi jioni walilipata jina, na mbele yake namba za leseni. Zilitakiwa ishirini. Zilisomeka kumi na moja, halafu takataka.

"Diski imeumia hapa," Philipo alisema. "Mashine ilipopasuka, mshtuko wa umeme ulifika mpaka huku."

"Ndiyo mwisho?"

"Kwa faili hili, ndiyo."

"Mimi sikukuuliza habari za faili hili, kaka Philipo. Nimekuuliza kama ndiyo mwisho."

Fundi alimtazama, akajikuna kidevu. "Windows ina tabia ya kuweka nakala ya mipangilio ya siku za nyuma. Zimebanwa kwenye folda iliyofichwa. Sijawahi kutoa namba humo."

"Kesho utakuwa umewahi."

Jumatano, kabla ya chai ya saa nne, Philipo aliandika namba ya ishirini kwenye kipande cha gazeti. Akaiweka programu kwenye kompyuta yake, akaingiza namba zote, akabonyeza. Orodha ikafunguka. Mama Theresia alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mungu mkubwa," alisema. "Hebu nionyeshe magharibi."

Ilionekana mizinga, wamiliki, na alama ya kila mmoja imechorwa kando ya jina. Mkwaju mmoja, mikwaju mitatu, msalaba, pembetatu. Mama alizitaja zote bila kusoma majina, maana alizijua kama anavyojua wajukuu wake.

"Sasa mashariki."

Philipo akageuza ukurasa. Mama alivaa miwani, akaivua.

"Hii nini? Duara?"

"Ndiyo, mama. Na hii duara mbili. Na hii imepinda kama nyoka."

"Alama ya mzinga tunaikata kwa shoka, kwenye gogo la mninga. Shoka linakata mstari. Duara utalikataje kwa shoka? Na mimi nimeandikwa nina mizinga thelathini. Hii siyo alama yangu." Sauti yake ilishuka. "Hizi zimechorwa na mtu aliyekaa mezani. Mtu huyu hajafika mashariki."

Febronia hakuhitaji kuuliza ni nani. Raymond aliletwa saa sita. Inspekta alimsomea onyo: halazimiki kusema, na atakayosema yataandikwa yatumike mahakamani. Kisha akamgeuzia kioo.

"Chama kina mizinga mingapi mashariki?"

"Mia mbili na sita."

"Uliihesabu kwa macho yako?"

"Ndiyo."

"Mzinga wenye duara uko kwenye mti gani?"

Raymond aliondoa macho kwenye kioo.

"Kamati ya ardhi iliwaandikia barua Ijumaa iliyopita. Ilisemaje?"

"Kwamba kabla ya kikao watakwenda kukagua. Orodha mkononi. Wangeanza mashariki."

"Ukaona bora orodha isiwepo kabisa."

"Ndiyo, afande. Karatasi ya leseni niliichoma, pamoja na zile fomu. Kiswichi nilikisogeza mimi."

"Mwekezaji alikuahidi nini?"

"Hakuna! Sijawahi kusema naye. Afande, naapa." Kwa mara ya kwanza alimtazama Mama Theresia, akaanza kulia. "Mama, unakumbuka mdogo wangu Gaspari. Nyuki walimuua huko mashariki, mimi nikiwa chini ya mti. Nilikimbia. Nilimwacha nikakimbia. Tangu siku ile nikifika pale njia inapoingia kichakani, miguu inakataa. Nimejaribu mara nne. Katibu wa warina asali anayeogopa nyuki, ningemwambia nani? Nikajaza fomu nyumbani. Alama sikuuliza, maana ningeuliza mngejua sijafika."

Mama Theresia alikuwa na hasira, na haikujificha, lakini alipofungua mdomo alisema polepole.

"Mficha uchi hazai, Raymond. Ungeniambia tu. Ningekwenda kuhesabu mimi, na mwingine angekwenda magharibi. Kazi ya siku moja. Kwa siku moja ulitaka kunizika."

Raymond alitia sahihi maelezo yake, akafungwa pingu. Mama hakungoja kuona. Alikuwa nje anapanga watu, baiskeli kumi na mbili, wawili wawili, na hakuna aliyepelekwa kwenye mizinga yake. Alhamisi alfajiri waliingia kichakani. Jioni walirudi wamechanika mashati, na Philipo akaandika mpaka vidole vikamuuma. Kurasa za Raymond zilitolewa, zikawa kielelezo cha polisi.

Ijumaa kamati ilichagua mizinga kumi kwenye orodha mpya, ikaenda kuitazama. Yote kumi ilikuwepo, na alama zake. Kichaka cha mashariki hakikutolewa.

Inspekta Febronia alipita mahabusu kabla ya kurudi Singida. Aliona ni haki mtu huyo aambiwe.

"Wamehesabu," alisema. "Wewe ulitunga mia mbili na sita. Ya kweli ni mia nne na kumi na mbili."