Siri Isiyo ya Jandoni

Mwaka ule wa 1954, majirani wa Temeke walijua saa kwa mluzi wa Marijani. Kila mchana akitoka shule, mama yake, Mwanaheri, alimfungia bakuli la wali na mchuzi katika kitambaa ampelekee baba yake, seremala wa Keko. Mtoto akishika njia tu, mluzi unaanza. "Kapita huyo, saa nane hiyo," watu walisema.

Mwezi wa Novemba mluzi ukakatika. Marijani akawa hataki tena kwenda Keko. Leo kichwa kinauma, kesho tumbo, keshokutwa bakuli limemwagika njiani. Mama alidhani ni uvivu wa mtoto wa miaka kumi na miwili, na uvivu huo nyie wasomaji wangu mnaujua vizuri. Akamsema mpaka akachoka.

Siku moja wakiwa wanakula, baba akasema, "Jumatatu shule zikishafungwa, utaanza kujifunza useremala. Fundi Kondo, msaidizi wangu karakanani, atakufundisha. Mie nina meza nyingi za kupeleka mjini."

Marijani akarudisha tonge sahanini. Hakula tena. Mama aliona, na baba alipotoka akamwuliza, "Mwanangu, una nini?"

"Siwezi kukwambia, mama. Ni mambo ya jandoni."

Mwaka uliopita Marijani aliingia jandoni na wenzake, akatahiriwa, akafunzwa adabu na kuapa kwamba ya kule hayasemwi mbele ya wanawake. Mama wa pwani akishaambiwa hivyo haulizi zaidi. Lakini Mwanaheri alijua pia kwamba kila mwari ana kungwi wake, mtu mzima aliyemlea kule jandoni, na kungwi hafichwi kitu. Kungwi wa Marijani alikuwa mjomba wake, Mwinshehe, fundi baiskeli. Mama akajitanda kanga, akatoka kumtafuta.

Kesho yake asubuhi Marijani akaitwa kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nishikie gurudumu hili, lisizunguke."

Marijani akashika. Mwinshehe akawa anakaza spoku moja moja, macho yake kwenye kazi.

"Mama yako anasema una siri ya jandoni. Mie ndiye kungwi wako. Siri gani hiyo nisiyoijua?"

Marijani alitazama chini. Sauti ilitoka kidogo kidogo. "Baba akienda mjini na mkokoteni, fundi Kondo hufunga mlango wa karakana. Hunishika mwilini, mahali pasipostahili. Ananifanyia mambo mabaya, mjomba. Anasema ndivyo afanyiwavyo kila aliyetoka jandoni, na nikisema nitakuwa nimevunja kiapo. Anasema baba hatanitaka tena."

Mwinshehe akaweka chini spana yake.

"Marijani, nani alikuapisha?"

"Wewe."

"Nilikufunza nini?"

"Kuwaheshimu wazazi. Kujisafisha. Nyimbo."

"Kuna siku nilikwambia mtu mzima ana ruhusa ya kukuumiza nawe unyamaze?"

"Hapana, mjomba."

"Basi hiyo si siri ya jandoni. Ni uovu wa Kondo, kaufunika kwa kiapo chetu."

"Kwa hiyo mie sikukosa?"

"Hukukosa hata kidogo."

Hapo Marijani akalia kilio alichokizuia kwa wiki tatu nzima. Mjomba akamweka kifuani, mafuta ya baiskeli na yote, akamwacha alie. Kisha akasema taratibu, "Mie nilipokuwa na umri wako, mtu mzima alinitenda hivyo hivyo. Sikumwambia mtu. Nikakua mkali, naogopa watu, usingizi taabu. Wa kwanza kumwambia alikuwa mke wangu, na nilikuwa nimeshaota mvi. Nililia kama wewe, nikapata nafuu. Mie nilichelewa sana."

Wakaenda pamoja kwa baba. Marijani alijificha nyuma ya mjomba. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akachukua nyundo, akaelekea mlangoni. Mwinshehe akamzuia. "Ukimpiga, watakufunga wewe, na huyu atajiona ndiye aliyekuponza."

Nyundo ikaanguka. Baba akapiga magoti mbele ya mwanawe. "Nisamehe. Nilikuwa nikikupeleka mikononi mwake, na sikujua. Wewe ni mwanangu, leo na siku zote."

Siku hiyo hiyo walikwenda kwa jumbe, mkuu wa mtaa, naye akawafikisha polisi. Daktari alimpima Marijani kwa upole, kila hatua akimwomba ruhusa kwanza. Habari ilipofika Keko, mwanafunzi mwingine wa useremala naye akajitokeza akasema yake. Kondo akashitakiwa, akafungwa.

Marijani alijifunza useremala kwa baba yake mwenyewe, mlango wa karakana ukiwa wazi. Kila Ijumaa alikwenda kwa mjomba kushika magurudumu na kuzungumza, kwani ndoto mbaya hazikwisha kwa siku moja. Ijumaa moja mjomba akamwambia, "Shika neno hili, uwaambie na wenzako. Mwili wako ni wako. Mvulana naye huumizwa, na mvulana naye husaidiwa. Mtu akikwambia utunze siri inayokuumiza, nenda kwa mkubwa unayemwamini ukaseme. Asipokusikiliza, nenda kwa mwingine, mpaka usikilizwe."

"Na mama je? Naye naweza kumwambia?"

"Yeye ndiye aliyekuja kuniomba nizungumze nawe. Nenda."

Marijani akarudi nyumbani, akaketi jikoni karibu na mama yake, akamweleza mwenyewe yote. Mwanaheri hakumkatiza. Alimshika mkono tu, wali ukaungua chunguni, na baba aliporudi mchana wakala ukoko wote watatu bila kulalamika.

Ilipita miezi. Kisha mchana mmoja jirani akainua kichwa uani kwake, akasema, "Saa nane hiyo." Mwanaheri alikuwa amekwisha kuusikia. Alisimama mlangoni, kanga mdomoni, akausikiliza mluzi ule mpaka ukapotelea njia ya Keko.