Mwenye Mali Ajitaje

Jioni ile nilitumwa kuanua nguo. Vibanio vikiwa bado mdomoni, nikasikia cherehani ikishona ndani.

Trrr... trrr...

Cherehani yetu ilishasagika. Miezi minne nyuma, chombo kilichokufa huko angani kilianguka bila wa kukiongoza. Tangi lake la chuma, la mviringo kama chungu, likatoboa bati na kumkuta mama, fundi cherehani, akikunja pindo. Hakuinuka tena. Tukaiandikia kampuni yenye chombo. Barua tatu, jibu moja: "Si chetu."

Nikaingia. Harufu ya kitambaa kinachoungua... Sauti ilitoka ndani ya tangi, lililobaki pale pale lilipoangukia.

"Usiiitikie," mama mdogo alininong'oneza. "Mama yako anamtafuta mwenye tangi. Si unajua masharti yake?"

Nayajua. Nguo haikutoka kwa mama mpaka mwenyewe aseme mbele yake, "Ni yangu." Na alimpima mtu mara tatu, siku tatu, wateja wanune wasinune, ndipo akashika mkasi.

Hodi.

Bwana wa kampuni, viatu vinang'aa, karatasi mkononi. Eti sasa wanalitaka tangi, wataalamu wao walichunguze.

"Pole kwa usumbufu, dada. Weka sahihi hapa, na namba ya simu."

Usumbufu! Mama yangu!

"Mlisema si lenu," nikamwambia. "Nitampaje mtu kisicho chake?"

Mama mdogo akanifinya. "Mwanangu, nyamaza. Huyu ana watoto."

"Na sisi tulikuwa na mama."

Bwana akacheka. Akaliwekea tangi kiganja. "Haya, mwanasheria, umeshinda. Ni letu. Ni mali yetu."

Cherehani ikanyamaza.

Nikaweka sahihi. Akalibeba peke yake, tangi lililowashinda wanaume wawili.

Siku ya nne, magharibi, simu ikaita. Mkewe. Namba ameikuta kwenye ile karatasi.

"Dada... kuna cherehani inashona juu ya dari. Sisi hatuna cherehani. Na mume wangu anaamka na alama za chaki. Mabegani... shingoni..."

"Mara ngapi?"

"Leo ya tatu."

Nilifungua mdomo nimwambie walirudishe. Nikalitazama tundu la bati ambalo hakuna aliyekuja kuliziba.

"Pole kwa usumbufu," nikasema. Nikakata.

Mkasi wa mama ulining'inia ukutani tangu tumzike. Niligeuka kuutazama.

Msumari ulikuwa mtupu.