Mwizi Aliyefagia Vioo

Kabati la chuma lilikuwa wazi, kufuli limevunjwa, na bahasha ya mitihani ya darasa la msaada haikuwemo. Dirisha nalo lilikuwa limepasuliwa kioo. Maofisa wa wizara walikuwa njiani kuja kuichukua bahasha hiyo, na mwalimu mkuu alitokwa jasho asubuhi ya baridi.

"Ni mlinzi," alisema. "Nani mwingine alikuwa hapa usiku?"

Mlinzi alikuwa ameshatiwa pingu. Mzee wa watu alirudia tu kwamba hakusikia kitu, maneno ambayo hayajawahi kumwokoa mlinzi yeyote. Mwizi asipopatikana, yeye ndiye angelala rumande, na kazi ingeota mbawa.

Inspekta, ambaye askari walimwita Sindano kwa maswali yake membamba, hakuupenda wizi huu. Kompyuta ilikuwa palepale mezani, haikuguswa. Karatasi za watoto waliochelewa kujua kusoma zina soko gani?

Mwalimu mkuu alimweleza. Serikali hutoa fedha maalumu kwa watoto walio nyuma kimasomo: mwalimu wa ziada, vitabu, chakula cha mchana. Mtihani huo ndio ungeamua kama fedha ziendelee kuja.

"Basi mtu anaficha aibu ya kufeli," alisema koplo.

Sindano alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, kwenye mkeka ambao watoto huukalia wakisoma. Alipapasa mkeka mzima asipate hata chembe ya kioo. Vipande vyote vilikuwa kwenye pipa la taka, vimefungwa ndani ya gazeti.

Aliuliza kama mfagizi ameshaingia. Akaambiwa mfagizi huja mchana, na tangu mlango ufunguliwe hakuna aliyegusa kitu.

Ilibaki kidogo acheke. Mwizi gani anavunja dirisha, halafu anafagia ili watoto wa watu wasijikate? Kikulacho ki nguoni mwako. Akawatoa wote nje, akabaki na mwalimu wa darasa lile, mama mmoja mwembamba aliyekuwa akifuta ubao usio na maandishi.

"Mwalimu, watoto wako wana viatu?"

"Wachache, afande."

"Na hapa wanakaa chini."

"Ndiyo."

"Nani alilikumbuka hilo jana usiku?"

Mwalimu aliendelea kufuta ubao.

"Yule mzee ana wajukuu, mwalimu. Unamwacha aende rumande?"

Kifutio kilimponyoka. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Mwachieni baba wa watu. Ni mimi."

"Walifeli vibaya kiasi hicho?"

"Walifaulu, afande. Niliwasimamia, nikayaona majibu yao kwa macho yangu."

Sindano alivuta kiti kingine cha mtoto, akakaa.

"Fedha ni za walio nyuma," mwalimu aliendelea. "Wakisogea mbele, zinahamishwa. Shule niliyofundisha kabla ya hapa walifaulu, wakanyang'anywa kila kitu, watoto wakarudi walikotoka. Na mwakani ninapokea wadogo ambao hata kalamu hawajui kuishika. Ningewafundisha na nini?"

"Karatasi umezichoma?"

"Nilishindwa. Ziko chini ya godoro langu. Ningechomaje kazi yao?"

Sindano alishakamata wauaji akalala usingizi mnono. Leo ushindi ulimtia uchungu. Lakini sheria ni sheria. Koplo alimfungua mzee pingu, akamfunga mwalimu mikono nyuma, kisha akamtupia sweta mabegani ili watoto wasione.

Walikuwa wamejipanga nje ya mlango. "Shikamoo, mwalimu," walimwamkia kwa sauti moja.

"Marahaba, wanangu." Kisha akamgeukia Sindano, akanong'ona: "Waambie wewe. Waambie wamefaulu. Hicho ndicho nilichowaibia."

Sindano akawaambia. Wakashangilia, wakamkimbilia mwalimu wao wamkumbatie, naye hakuwa na mikono ya kuwapokea.