Aliyeitikia Kwenye Matete

Haya yalimkuta rafiki yangu, mtafiti wa ndege. Aliingia kwenye kinamasi cha mto kabla hakujapambazuka, kumtafuta ndege aliyekaribia kutoweka, shemeji yake akipiga kasia. Moyoni alimshuku shemeji huyo kuwa ndiye anayewatega ndege hao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akawasha kinasa sauti, mlio wa ndege huyo uliorekodiwa ukasikika. Kimya. Kisha kitu kikaitikia gizani, karibu mno.

"Shemeji, acha mzaha," alisema bila kugeuka. "Huo mluzi ni wako."

Mlio ukarudi, safari hii ubavuni mwa mtumbwi. Akageuka kwa hasira, akammulika kwa tochi. Shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

Ndipo kutoka kwenye matete, sauti ya shemeji ikasema kwa upole: "Sifanyi mzaha, shemeji. Sogea uone."