Hewa Nyekundu

Hewa ilikuwa nyekundu, na hewa haipaswi kuwa nyekundu.

Fredy, injinia wa karakana ya majembe ya plau pale Kikuyu, mjini Dodoma, alifuta mchoro akaanza upya. Kabla ya kutengeneza koili mpya ya shaba, alizoea kulijaribu joto kwanza ndani ya kompyuta. Umeme ukizunguka kwenye koili, chuma kilichowekwa katikati hupata moto chenyewe, bila mkaa wala moshi. Kwenye kioo cha kompyuta, palipo na moto huonekana pekundu, na penye baridi huwa bluu. Kompyuta haikubali kupiga hesabu mpaka uichoree pia hewa inayokizunguka chuma. Hewa hiyo hubaki bluu siku zote.

Leo jembe ndilo lililokuwa bluu. Wekundu ulisimama pembeni yake, mrefu, wenye mabega.

"Dada Yasinta, hebu njoo," aliita kwa sauti ya chini.

Yasinta, mwendesha mashine, alikuja akijifuta mikono. Fredy alibonyeza, picha zikafuatana. Wekundu ulisogea. Katika picha ya mwisho uliinama juu ya kiti.

"Hapo ndipo ninapokaa mimi."

"Mimi sikuchora kiti, dada." Fredy aliugusa ule wekundu kiooni. "Majirani zangu Waislamu kule Makole husema majini yaliumbwa kwa moto usio na moshi. Na sisi hapa tunaupika kila siku."

Yasinta alikigeukia kiti kwa hasira. Kabla yake kiti kile kilikuwa cha Emiliana, aliyeungua uso wakati wa Kwaresima, mashine ikiwa imezimwa. Emiliana alisema kitu kilimshika kichwa. Walimcheka. Methusela, aliyeinunua karakana serikali ilipoiuza, alimfukuza kwa madai ya uzembe.

Methusela mwenyewe akaingia.

"Shikamoo, bosi," alisema Fredy.

"Shikamoo zenu wekeni mfukoni! Mbona mashine iko kimya? Wakulima wanangojea majembe, mvua hiyo inakuja, nyie mnaangalia sinema?"

"Bosi, kuna jini," Fredy alinong'ona.

"Nimeajiri injinia au mganga?"

"Sikai tena kwenye kile kiti," alisema Yasinta. "Emiliana ulimwita mzembe. Ukamrudisha kwao Kibaigwa uso umefungwa kama kifurushi. Kama hakuna kitu, kaa wewe."

"Unasemaje, wewe binti?"

"Kaa, bosi. Mashine imezimwa. Unaogopa nini?"

Methusela akaketi kwa kishindo, akakunja mikono kifuani.

Swichi ilikuwa chini, wote waliiona, lakini koili ikaanza kuvuma polepole kama nyuki ndani ya mzinga, na harufu ya nywele zilizoungua ikatambaa kutoka sakafuni, na kwenye kioo, bila mtu kubonyeza chochote, wekundu ukaanza kuinama kuelekea kwenye kiti, mabega kwanza, kisha kichwa, mpaka Fredy, kwa hofu, akafanya kile alichozoea kufanya mchoro unapomkosea: akaichagua hewa yote, akaifuta.

Koili ikanyamaza.

Kisha Yasinta akavuta pumzi, na hakukuwa na cha kuvuta. Alifungua mdomo kupiga kelele na kelele haikutoka, akamwona Methusela amejishika shingo, macho yamemtoka, miguu ikipiga sakafu bila mlio wowote, na kwa kitambo kidogo, kwa ajili ya uso wa Emiliana, alitamani mtu yule aachwe vilevile, lakini kifua chake mwenyewe kilikuwa kinapasuka, akamrukia Fredy akampiga ngumi mgongoni, akimwonyesha kioo, irudishe, irudishe.

Fredy akabonyeza. Hewa ikarudi kwa ngurumo, mabati ya paa yakatikisika. Methusela alivuta pumzi ndefu, ndefu kuliko kifua cha mtu kinavyoweza kubeba.

Kioo chote kilikuwa bluu.

"Limetoka," Fredy alicheka huku akilia. "Dada, limetoka kwenye hewa!"

"Limekwenda wapi?"

Methusela akainuka. Hakufoka. Aliokota jembe la baridi mezani kwa mkono mtupu, nalo likaanza kuwa jekundu, kuanzia pale vidole vyake vilipoligusa, bila moshi. Akatabasamu.

"Yasinta mwanangu," alisema, kwa upole ambao Methusela hakuwahi kuwa nao. "Kiti chako hiki hapa. Njoo ukae."