Viatu Vilivyopunguzwa Uzito

Kengele ya shule ilikuwa bado haijalia, na chai ilikuwa bado haijachemka, lakini dada wawili walikuwa wameshapanda na kushuka kilima cha nyuma ya shule. Mama yao, fundi cherehani, alijua wamerudi kwa jinsi mlango ulivyobamizwa. Bila kuinua macho alisema yale yale ya kila siku.

"Miguu! Osheni miguu kabla hamjakanyaga vitambaa vya watu."

Mkubwa alikuwa mpole, mwenye miguu imara na maneno machache. Nyumbani aliitwa Dada, na hata shuleni wengi walimwita hivyo. Mdogo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina asilolipenda hata kidogo: Nusu. Kirefu chake ni Nusu Mlima. Alibandikwa jina hilo mwaka uliopita, alipoishiwa pumzi katikati ya mlima siku ya mashindano ya mbio za mlimani, akakaa juu ya jiwe mbele za watu akatapika. Wanafunzi wana kipaji cha kutoa majina, na jina likishamganda mtu halitoki kwa sabuni.

Karibu na dirisha, kwenye msumari, vilining'inia viatu vya mashindano. Havikuwa raba za kawaida. Vilikuwa viatu vyepesi vya kukimbilia milimani, na ukivishika ungedhani umeshika soksi. Juu vilikuwa vya kitambaa cha wavu, kinachopitisha hewa na kukauka upesi kikilowa. Chini vilikuwa na meno marefu ya mpira ya kung'ata udongo na mawe. Ndani ya soli, kati ya tabaka za sponji, kulikuwa na bamba jembamba la plastiki ngumu, linalozuia ncha za mawe zisichome unyayo. Kasoro zake nazo hazikuwa chache. Wavu ulichanika kwenye miiba, meno yaliisha haraka kwenye lami, na kifundo cha mguu hakikupata msaada wowote.

"Hivi ni viatu vya kazi moja," alionya mwalimu wa michezo, ambaye wanafunzi walimwita Filimbi kwa sababu filimbi haikumtoka mdomoni. "Nikimwona mtu kavivaa kwenda sokoni, atanitambua."

Shule ilikuwa na jozi hiyo moja tu. Kwenye mashindano kila timu ilikuwa na wakimbiaji wawili: wa kwanza alipanda hadi kwenye mnara wa simu juu ya mlima, wa pili alishuka hadi uwanjani. Timu nyingine zilipokezana kijiti. Dada na Nusu, ambao miguu yao ilikuwa ya saizi moja, walipokezana viatu. Nusu alikuwa akifika juu anajitupa chini, anavivua, na Dada anavivaa vikiwa bado na joto la mdogo wake. Walikuwa wamelifanyia mazoezi jambo hilo mpaka mama akachoka kuwaona wakivuana viatu katikati ya chumba.

Filimbi naye alikuwa na wimbo wake. "Wepesi! Wepesi! Mlima unajua kila kitu ulichobeba!" Wanafunzi waliushika wimbo huo mpaka wakapita kiasi. Walikata lebo za bukta na kufupisha kamba za viatu. Mmoja aliuliza kama ang'oe jino linalotikisika kabla ya mashindano, na hakuwa anatania.

Nusu aliushika kuliko wote. Siku moja kabla ya mashindano, mama alikwenda kumpelekea mteja magauni yake, na Dada alikuwa kisimani. Nusu alivitoa viatu kwenye msumari, akavigeuza, akavitazama kwa makini. Mlima unapandwa kwa vidole, aliwaza. Kisigino hakigusi hata ardhi. Sasa meno haya ya kisigino yana kazi gani?

Alichukua kisu akayakata, moja baada ya jingine, mpaka kisigino kikawa laini. Kisha akainua soli ya ndani, akachana sponji kwa wembe wa mama wa kufumulia nguo, akalivuta lile bamba, kiatu cha kwanza na cha pili. Akarudishia kila kitu kwa gundi. Mabamba aliyasukuma chini ya godoro. Alipovinyanyua viatu, moyo ulimruka kwa furaha. Wakati wote huo alikuwa akiufikiria mguu wake mwenyewe, na hakukumbuka hata mara moja kwamba kuna mtu atakayeshuka na viatu hivyo hivyo.

Alikumbuka usiku, amelala ubavuni mwa Dada. Nitamwambia asubuhi, aliwaza. Asubuhi alisema moyoni, nitamwambia tukifika uwanjani. Uwanjani kulikuwa na kelele na watu wengi.

Siku hiyo Nusu alikimbia vizuri kuliko alivyowahi kukimbia. Alilipita jiwe la aibu yake bila kulitazama. Alifika mnarani wa kwanza, akajitupa chini, akavuta kamba za viatu. Matone ya mvua yalikuwa yameanza kudondoka, na ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni.

"Viatu vikoje?" Dada aliuliza huku akichomeka mguu. Aliuliza hivyo kila mara, kwa sababu Nusu ndiye aliyetangulia kuvikimbilia.

Nusu alifungua mdomo. Nyuma yao msichana wa timu ya pili alikuwa anakaribia, anahema.

"Viko sawa," akasema.

Dada akapotelea kwenye ukungu.

Gari la wasimamizi lilimshusha Nusu kwa barabara ya kuzunguka. Alipofika uwanjani wanafunzi wenzake walimlaki kwa shangwe. "Mlima Mzima! Mlima Mzima!" Lilikuwa jina alilolitamani mwaka mzima. Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye njia ya mlimani.

Mkimbiaji wa kwanza kutokea hakuwa Dada. Wa pili hakuwa Dada. Wakaingia wengine, wamelowa na kujaa matope, mpaka wa mwisho kabisa akavuka utepe akichechemea, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Mvua sasa ilikuwa inamwagika. Mama alisimama pembeni na mwavuli, ameshika sweta mbili kavu kifuani.

"Dada yako yuko wapi?" alimuuliza Nusu.

"Anakuja, mama."

Filimbi alikuwa akizungumza na msimamizi kwenye redio ya upepo. Chini ya mnara njia iligawanyika mara mbili. Moja ilikuwa fupi, ikishuka kwenye korongo la mawe. Nyingine ilikuwa ndefu, ikipita msituni. Mkimbiaji aliruhusiwa kuchagua, na siku hiyo wengine wote walikuwa wamechagua ya msituni kwa kuogopa mawe yaliyolowa.

"Korongoni hawezi kuwa," Filimbi alisema, akijaribu kuituliza sauti yake. "Yule msichana analijua korongo kama mfuko wake. Kashuka pale muhula mzima hajateleza hata siku moja, na vile viatu vinashika jiwe hasa. Ukungu umempoteza, kaingia msituni. Twendeni wote msituni, upesi!"

Wanaume na wanawake wakaanza kufunga makoti. Mmoja akaleta tochi, mwingine kamba. Nusu aliwatazama wakijipanga kuelekea upande ambao Dada hakuwepo. Alijua hakuwepo. Dada angepita korongoni kwa sababu aliviamini viatu, na aliviamini viatu kwa sababu aliambiwa viko sawa. Mvua ikinyesha namna hii, maji ya mlima wote hukimbilia korongoni. Kila mtoto wa shule ile alikuwa ameonywa juu ya hilo.

Nikisema, nimekwisha, aliwaza. Mama atajua. Shule nzima itajua. Miguu ilitaka kukimbia, ila hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Watu wa kwanza walikuwa wameshalivuka lango la uwanja.

"Mwalimu!" Sauti ilimtoka kwa kilio. "Mwalimu, simama! Hayuko msituni! Yuko korongoni!"

Filimbi akageuka. "Umejuaje?"

"Nimevikata viatu. Nimekata meno ya kisigino. Na lile bamba la ndani nimelitoa, liko nyumbani chini ya godoro. Nilitaka viwe vyepesi. Dada hajui, mwalimu. Aliniuliza nikamwambia viko sawa."

Ile filimbi ilidondoka mdomoni mwa mwalimu ikaning'inia kwenye kamba yake.

"Kuna lile jiwe bapa," Nusu aliendelea, akisongwa na machozi, "pale tunaposhuka kwa visigino. Bila meno hapashuki mtu. Yuko chini ya lile jiwe. Twendeni, jamani, maji!"

Mwalimu hakumgombeza. Hakuwa na muda wa kumgombeza. Alipiga kelele kuwaita walioondoka, akanyakua kamba, na kundi zima likageuza njia kwa mbio. Nusu alitaka kuwafuata, lakini msimamizi alimshika bega na kumpeleka kwenye kibanda cha wasimamizi kando ya uwanja.

Akabaki na mama. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mama hakumpiga wala hakumtukana. Alimvalisha sweta moja, akamfunga vifungo mpaka shingoni, kisha akakaa na ile sweta ya pili magotini, akiikunja na kuikunjua. Mvua iligonga bati la kibanda. Kila redio ilipokoroma mama alisimama, na ilipokuwa habari nyingine akakaa tena.

"Mama, nisamehe," Nusu alisema.

"Nyamaza kwanza, mwanangu," mama alijibu bila kumtazama. "Acha nimsikilize dada yako."

Nusu akaelewa kwamba akili yote ya mama iko kule kwenye maji. Akajikunja pembeni, akalia bila sauti. Moyoni aliomba jambo moja tu. Waendelee kumwita Nusu Mlima mpaka azeeke, ili mradi Dada arudi.

Redio ilikoroma tena. Safari hii ilikuwa sauti ya Filimbi, imekwaruza kwa uchovu.

"Tumempata. Yuko hai. Mguu umevunjika, lakini yuko hai."

Mama alishika ukuta wa kibanda, akakaa chini sakafuni.

Walimkuta chini ya jiwe bapa, amekumbatia mzizi, maji yamemfika kifuani. Kisigino kiliteleza kwenye lile jiwe, akaanguka, na alipojaribu kusimama ncha ya jiwe ilipenya soli iliyokosa bamba na kumchana unyayo. Aliita sana, ila kelele za maji zilimeza sauti yake. Waliomvuta kwa kamba walisema wangechelewa kidogo tu wasingekuta mtu.

Siku ya pili yake Nusu alisimama mlangoni mwa wodi, akishindwa kuingia. Dada alikuwa amelala chali, mguu mmoja kwenye plasta, mwingine umefungwa bendeji. Mama alikaa kitandani, na Filimbi kwenye kiti, bila filimbi yake.

"Nilikuuliza," Dada alisema polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Nusu zaidi. "Mdogo wangu, nilikuuliza viatu vikoje."

Nusu aliyatoa yale mabamba mawili mfukoni, akayaweka juu ya shuka. Filimbi akaokota moja na kulikunja kwa vidole. Lilikuwa jepesi sana.

"Njoo ukae," alimwambia. "Mimi nina lawama yangu. Niliwaimbia wepesi asubuhi na jioni, sikuwaeleza wepesi huo unapatikana vipi. Aliyetengeneza viatu hivi alishapunguza kila kinachopungua. Kilichobaki ndicho kinachomlinda mtu. Ukitoa zaidi ya hapo, unatoa usalama, na mara nyingi si usalama wako. Ni wa yule anayepokea."

Akalirudisha bamba juu ya shuka.

"Lakini sikiliza vizuri, mwanangu. Kuvikata viatu kulimvunja dada yako mguu. Kunyamaza kungemuua. Uliposimama mbele ya watu wote ukasema kweli, huku unajua itakavyokugharimu, ndipo tukajua pa kwenda. Siku nyingine usingoje mpaka watu washike kamba. Ukikosea, sema pale pale, kosa likiwa bado dogo."

"Na ukiniona nimeshika cherehani," mama aliongeza, akifuta macho kwa kanga, "usingoje nimalize. Niite uniambie."

Dada alikaa muhula mzima bila kukimbia. Nusu alimbebea mkoba kwenda na kurudi shuleni, na jina la Mlima Mzima alilikataa kila alipoitwa, mpaka wenzake wakachoka. Dada hakumnunia, ila hakumtania tena kama zamani, na nyumba ilikuwa kimya kupita kawaida.

Siku Dada aliporuhusiwa kurudi mazoezini, shule ilikuwa imepata viatu vingine. Nusu alivijaribu wa kwanza, akapanda na kushuka kilima kidogo cha nyuma ya shule. Kisha akakaa chini, akavivua. Akavigeuza akapitisha kidole kwenye kila jino, akaingiza mkono ndani akaibonyeza soli, halafu akamnyooshea dada yake.

"Viatu vikoje?" Dada aliuliza. Lilikuwa swali lile lile, na sauti ilikuwa ile ile.

"Meno yapo yote. Bamba lipo. Cha kushoto wavu umeanza kuchanika pembeni, hapa," Nusu alisema. "Lakini kagua mwenyewe, Dada."

Dada akavipokea. Alivitazama, kisha akamtazama mdogo wake. Hakuvikagua. Aliingiza mguu, akafunga kamba, akasimama.

"Haya, Nusu," akasema huku akicheka. "Nifuate kama unaweza."